Biashara, Mkataba na Amani ya Mto Kagera

Mkulima wa Songambele, wilayani Kyerwa, mkoani Kagera, anajua kahawa yake ina masoko mawili: chama cha msingi cha ushirika cha hapa nyumbani, na mnunuzi wa ng'ambo, Uganda. Bei ya ng'ambo ikizidi, magunia ya kahawa ya maganda huvuka mpaka usiku, kwa magendo. Je, watu wanaouziana namna hii wanaweza kupigana vita?

Wanazuoni wa mkondo wa kiliberali hujibu kwamba ni vigumu. Mwaka 1795 Immanuel Kant wa Ujerumani aliandika kuwa amani ya kudumu inataka mambo matatu: serikali inayowajibika kwa raia, shirikisho la mataifa huru, na mgeni kupokewa bila uadui. Raia ndio wanaozika watoto wao na kulipa gharama za vita; wakiulizwa, watasita. Waliomfuata wakatilia mkazo biashara na taasisi za pamoja, ambako nchi hulalamikiana kabla ya kushika bunduki.

Kagera iliijaribu nadharia hiyo kwa damu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianzishwa mwaka 1967, ikiwa na reli, bandari, posta na shirika la ndege la pamoja. Idi Amin alipopindua serikali ya Uganda Januari 1971, Mwalimu Nyerere wa Tanzania alikataa kuketi naye, na kikao cha marais hakikufanyika tena. Jumuiya ikavunjika 1977. Mwaka uliofuata, mwishoni mwa Oktoba, majeshi ya Amin yaliingia Kagera, naye akatangaza kuwa ardhi yote hadi Mto Kagera ni ya Uganda. Watu waliuawa, ng'ombe wakaporwa, daraja la Kyaka likalipuliwa. Vita vya Tanzania na Uganda vilimng'oa Amin Kampala Aprili 1979.

Kwa maoni yangu, somo kubwa liko kwenye mhimili wa kwanza wa Kant. Biashara ilikuwapo na taasisi za pamoja ziliundwa, lakini Uganda haikuwa na bunge wala mahakama ya kumzuia mtu mmoja. Soko halina nguvu mbele ya mtawala asiyeulizwa.

Jumuiya mpya, ambayo mkataba wake ulitiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999, imefanya mengi. Umoja wa forodha ulianza 2005, soko la pamoja 2010. Mto uleule uliokuwa mstari wa vita sasa unazalisha umeme wa Tanzania na Uganda pale Murongo na Kikagati. Lakini uanachama pekee hautoshi: Rwanda ilifunga mpaka wake na Uganda wa Gatuna mwaka 2019, ukafunguliwa Januari 2022, na Kongo na Rwanda, zote wanachama, zimeingia katika uhasama mkali kuhusu waasi wa M23, waliouteka mji wa Goma Januari 2025.

Ndiyo maana naithamini zaidi sehemu ya mkataba isiyozungumzwa sana vijijini. Ibara ya 30 inamruhusu mkazi yeyote wa nchi mwanachama, akiwamo mkulima wa Songambele, kupinga sheria au kitendo cha serikali kinachokiuka mkataba, mbele ya Mahakama ya Afrika Mashariki iliyoko Arusha. Shauri lifunguliwe ndani ya miezi miwili tangu kitendo kitokee au mlalamikaji akifahamu.