Kasuku Mkorofi

Kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu ni ndege wa misitu ya Kongo na Uganda. Huko huruka kwa makundi, akitafuta mbegu na matunda. Afungwapo peke yake tunduni katika nyumba ya Kinondoni au Temeke, hukosa kazi na mwenzi. Ndipo apigapo kelele, kuuma watu na kujinyonyoa manyoya. Akikemewa, huona amejibiwa, naye huzidi. Yafaa apewe tundu kubwa, vijiti vya kutafuna, na chakula kilichofichwa ili akitafute. Anyamazapo, asemezwe kwa upole na kupewa karanga. Ndege huyu huweza kuishi zaidi ya miaka 40. Basi amfugaye hana budi kuwa na subira.