Picha za Kale za Wanawake wa Mbweni

Tutazamapo picha za kale za Mbweni, katika kisiwa cha Unguja, tusifanye haraka kusema kwamba tumewajua waliomo. Hapo Misheni ya Vyuo Vikuu iliwakalisha watumwa waliowekwa huru, na shule yao ya wasichana ilisimamiwa miaka mingi na Bibi Caroline Thackeray, aliyefika mwaka 1877.

Wanawake wamesimama safu safu, nyuso kavu, wala hapana atabasamuye. Mtazamaji wa leo husema, Walikuwa na huzuni. Huenda, sababu walikuwa nazo. Lakini kamera za zamani zilimtaka mtu atulie sekunde kadhaa, na aliyetikisika uso wake ulitoka kama ukungu. Basi huzuni yao haisomwi hapo.

Nguo zasema zaidi. Soko la watumwa Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe haukuondolewa katika sheria hata mwaka 1897, na kwa masuria hata 1909. Mwanamke wa Mbweni alipotoka kwenda mjini, aliingia katika mji ambao mwenziwe bado alikuwa mali ya mtu. Mjakazi alijulikana kwa kaniki au merikani. Kujitanda kichwa kwa heshima kulikuwa kwa waungwana. Kwa hiyo kitambaa cha kichwani au kanga ya maua, katika picha hizi, si pambo tupu: ni neno lililosemwa mbele ya watu. Twakiri, hata hivyo, kwamba gauni jeupe la shule lilichaguliwa na misheni, nasi hatuwezi kulihesabu kuwa neno lake mwenyewe.

Tena yaangaliwe maneno yaliyoandikwa chini. Jina la Padre Cecil Majaliwa, Mwafrika wa kwanza wa misheni hiyo kupewa upadre, mwaka 1890, lasomwa vitabuni. Mkewe alitoka Mbweni. Wanawake kama yeye, waliofundisha na kulea bara, mara nyingi wameandikwa “mke wa mwalimu” au “wasichana wetu”, hata wenye wana. Nyumbani kwao waliitwa Bibi, jina ambalo zamani mjakazi alimwitia bibi yake aliyemmiliki.

Mwalimu au padre aliye na picha za namna hii na aende nazo kwa wazee, aulize majina, ayaandike nyuma kwa kalamu ya risasi, wala si kwa wino, maana wino hupenya mpaka usoni.