Linda meno ya mwanao kabla hayajatoboka



Wengi wetu tumekua tukisikia kwamba meno ya utoto si ya kuhangaikia, kwani yatang'oka tu. Hapa Uingereza dhana hiyo inawaumiza watoto wetu. Nchini England, kuoza kwa meno ndiyo sababu kubwa kuliko zote ya watoto wa miaka 5 hadi 9 kulazwa hospitali. Wengi hupewa nusu kaputi ili meno yang'olewe. Tena magego ya utoto hukaa hadi miaka 10 au 12. Yakitolewa mapema, ya ukubwani huweza kuota yamebanana.

Meno huozaje?

Vijidudu vya kinywani hula sukari na kutoa asidi inayomomonyoa jino. Usiku mate hupungua, kwa hiyo mtoto akilala na chupa ya juisi au chai ya maziwa yenye sukari, meno yake hayapati nafuu hadi asubuhi.

Ufanye nini?

- Anza kumpigisha mswaki jino la kwanza linapochomoza, mara 2 kwa siku. Mara moja iwe kabla ya kulala.
- Tumia dawa ya meno yenye floraidi isiyopungua 1,000 ppm. Imeandikwa kwenye boksi. Chini ya miaka 3, paka kidogo sana. Miaka 3 hadi 6, kiasi cha punje ya njegere.
- Ateme povu, lakini asisukutue kwa maji, ili floraidi ibaki.
- Msaidie mpaka afike angalau miaka 7.
- Ndani ya chupa weka maziwa au maji tu. Mwanzishie kikombe akiwa na miezi 6. Akitimiza mwaka, chupa iachwe.
- Pipi na juisi zisiwe za kumnyamazishia mtoto kutwa. Kama zipo, ziwe wakati wa chakula.

Inua mdomo wake wa juu mara kwa mara. Madoa meupe karibu na ufizi ni dalili ya mwanzo.

Mpeleke kwa daktari wa meno mapema, usisubiri alie. Matibabu ya meno ya NHS ni bure kwa walio chini ya miaka 18. Kama Kiingereza kinakupa shida, omba mkalimani unapopanga miadi. Akiwa na maumivu makali na huna daktari, piga simu 111.

Kinga ni bora kuliko tiba.