TVT, TBC1 na zile herufi za kwenye kona ya TV

Kuna klipu ya zamani inazunguka kwenye simu za vijana hapa Songwa, kipande cha taarifa ya habari, na aliyeituma kaandika kwamba ni ya mwaka 2010. Ubishi ukaanza kijiweni, huyu anasema 2010, yule anasema 2005. Mimi wala sikumwangalia mtangazaji, niliangalia kona ya skrini. Imeandikwa TVT. Ubishi umekwisha! Hiyo haiwezi kuwa ya 2010 kwa sababu TVT ilishazikwa rasmi Machi 2008.

Sasa kwa wale mliozaliwa mkakuta TBC1, twende taratibu.

Zile herufi za kwenye kona hazitoki kwenye kamera. Zinabandikwa na mashine studioni, mwishoni kabisa, kabla picha haijatoka kwenda mnarani. Kazi yake ni kusema mali hii ni ya nani, ili hata mtu akirekodi na kurusha kwingine alama ibaki. Na kama unakumbuka zile TV za chogo, kioo chake kilikuwa kinakula kingo za picha, kwa hiyo nembo ilibidi isogezwe ndani kidogo isije ikakatwa. Kwa sisi tuliokuwa tunafunga antena juu ya mti mrefu na TV inakula betri ya gari, nembo ilikuwa na kazi nyingine tena: picha ikiwa chenga tupu, ni hizo herufi tu ndizo zinakwambia umekamata TVT au Star TV ya Mwanza. Kuna kibanda kimoja pale Maganzo TV yake ilikaa channel moja miaka mingi mpaka nembo ikajichora kwenye kioo. Ukiizima bado unaiona, mwe!

Haya, turudi kwenye majina. Bara tulichelewa sana kuwa na televisheni. Zanzibar walikuwa nayo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena ya rangi, wakati huku Mwalimu aliona ni anasa kwa nchi maskini. Bara mambo yalianza 1994 na vituo vya watu binafsi, ITV ya Mengi ikiwemo. Serikali ikaja nyuma yao, karne ikiwa inageuka, na Televisheni ya Taifa, yaani TVT. Jina lenyewe lilikuwa wazi: ni ya taifa, ni ya serikali, inasimama pembeni ya Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD). Baadaye redio na televisheni zikawekwa chini ya mwamvuli mmoja, Taasisi ya Utangazaji Tanzania (TUT), lakini mtaani nani alikuwa anasema TUT? Watu waliendelea na TVT yao.

Mwaka 2007 likaanzishwa Shirika la Utangazaji Tanzania, na Machi 2008 Rais Kikwete akalizindua. TVT ikawa TBC1, RTD ikawa TBC Taifa. Mkurugenzi alikuwa Tido Mhando, aliyetoka BBC idhaa ya Kiswahili. Wengi tulidhani jina TBC ni jipya, limeigwa BBC. Kuigwa ni kweli, ila jipya siyo!

Hapa ndipo patamu. Mwaka 1956, wakati wa mkoloni, redio ya Dar es Salaam ilifanywa shirika kwa mfano wa BBC, likaitwa Tanganyika Broadcasting Corporation. Kifupi chake? TBC. Mwaka 1965 serikali yetu ikalivunja shirika, redio ikawekwa chini ya wizara, na herufi zikabadilika kuwa RTD. Kwa hiyo mwaka 2007 herufi zilirudi nyumbani baada ya miaka 42. Wala siyo sisi peke yetu. Kenya walikuwa na KBC, serikali ikaichukua 1964 ikawa Sauti ya Kenya, mwaka 1989 ikarudi kuwa KBC. Uganda nao mwaka 2005 wakaunganisha Redio Uganda na UTV, ikazaliwa UBC. Unaona mchezo unavyokwenda? Ile C ya mwisho ni ya shirika. Ikiwepo, serikali inakuwa inaahidi kwamba chombo ni cha umma, kinajitegemea kidogo. Ikiondoka, ni idara ya wizara.

Sasa swali linalotuuma wengi: C ilipobandikwa kwenye kona, kulibadilika nini ndani? Mimi naona picha ilibadilika kweli, studio zikapendeza, watangazaji wakachangamka. Lakini mkurugenzi mkuu anateuliwa na Rais. Tido alimaliza mkataba wake mwishoni mwa 2010, mara tu baada ya uchaguzi, haukuongezwa, na maneno yalikuwa mengi nchi nzima. Halafu Januari 2016 waziri Nape Nnauye akatangaza bungeni kwamba TBC haitarusha tena vikao vya Bunge moja kwa moja, sababu ni gharama. Wabunge wa upinzani wakagoma, polisi wakaingia ukumbini kuwatoa. Watazamaji tukabaki na vipande vilivyochaguliwa, usiku. Nembo kwenye kona ilikuwa ileile ya siku iliyotangulia, haikutikisika hata kidogo. Mzee mmoja hapa kwetu akaniuliza, 'Mwanangu, hiki ni cha umma wa wapi?' Sikuwa na jibu la haraka.

Ya dijitali nitayapitia mbiombio. Mitambo ya analojia ilianza kuzimwa Dar tarehe 31 Desemba 2012, Mwanza ikafuata 2013, na tukaanza kununua ving'amuzi. Picha ikatanuka, na nembo zilizochorwa kwa TV za chogo zikaonekana kama zimekanyagwa na fuso. Ndipo pia ile 1 ya TBC1 ilipopata maana zaidi, kwa sababu familia iliongezeka. Desemba 2018 ikazinduliwa Tanzania Safari Channel, ya kutangaza mbuga na vivutio. Jina la Kiingereza tupu, hata neno taifa halimo. Hiyo analengwa mgeni mwenye dola, siyo mchimbaji wa Nyarugusu.

Kwa hiyo ukiwa intaneti kafe, iwe Kahama au Geita, ukakuta klipu ya zamani YouTube, anza na kona. RTD haina picha, hiyo ni sauti tu. TVT ni kabla ya Machi 2008. TBC1 na picha ya mraba, ni baada ya hapo kabla ya skrini kutanuka. Na ukikuta kikao cha Bunge kizima, maswali na majibu, kelele na spika anagonga meza, TBC1 moja kwa moja, angalia tarehe vizuri.