Makobola, kijiji kinachofunga mwaka kwa matanga

Ukitoka Uvira kwa njia ya Baraka, ziwa kushoto na milima kulia, unapita Kalundu na baada ya kilometa kama 15 unafika Makobola. Ni kijiji cha wavuvi wa ndagala na wakulima wa muhogo. Abiria wengi hawashuki.

Huku mwisho wa mwaka unarudisha kilio. Kati ya tarehe 30 Desemba 1998 na 2 Januari 1999, zaidi ya watu 800 waliuawa Makobola 2 na vijiji jirani vya Bangwe, Katuta, Mikunga na Kashekezi. Ripoti ya Mapping ya Umoja wa Mataifa, iliyotoka Oktoba 2010, inawataja askari wa waasi wa RCD na wale wa majeshi ya Rwanda na Burundi. Walikuwa wakipigana na Mai-Mai. Kisasi kiliangukia raia, hata wanawake na watoto.

Ripoti hiyo ilipendekeza mahakama ya pekee, yenye waamuzi wa Kongo na wa kigeni pamoja. Haijaundwa. Waliozaliwa wakati ule leo ni wazazi, na kila Desemba wakaaji bado wanawakumbuka watu wao na kudai kesi ifunguliwe.