Ofisi ikihamia sebuleni, ufunguo wauweka wapi?

Hebu msomaji turudi nyuma kidogo, hadi Aprili 6, 2020. Siku hiyo Rais Uhuru Kenyatta alipotangaza kufungwa kwa jiji la Nairobi na viunga vyake ili kuzuia Covid-19, Kaunti ya Kajiado ilikatwa vipande viwili. Kitengela, Ngong, Ongata Rongai na Kiserian zilikuwa ndani ya eneo lililofungwa. Loitokitok, huko chini ya Mlima Kilimanjaro, ikabaki nje. Aliyekuwa na kitanda upande mmoja na meza ya ofisi upande wa pili alikwama hadi Julai 7, vizuizi vilipoondolewa.

Ndipo wengi waliposikia kwa mara ya kwanza kwamba kompyuta ya ofisini yaweza kufikiwa ukiwa nyumbani, tena bila kubeba chochote, kwa kutumia kivinjari tu, yaani ile programu unayofungulia Google.

Kwa mkazi wa Loitokitok jambo hili si anasa. Kufika Kitengela ni kuteremka hadi Emali, kushika barabara ya Mombasa kuelekea Athi River, kisha kukata kushoto. Ni safari ya kilomita 200 hivi, na ukiongeza ya kurudi, siku imekwisha. Mara ngapi mtu ameifunga safari hiyo kwa sababu ya sahihi moja? Idara ya Mahakama ilianza kupokea kesi kwa mtandao jijini Nairobi mnamo Julai 2020, na Machi 2024 mpango huo ukapanuliwa hadi mahakama zote nchini. Wakili aliye Kitengela sasa huwasilisha karatasi za kesi ya Loitokitok bila kupanda gari.

Je, mambo haya hufanyikaje? Fikiria mteja aliyesimama nje ya dirisha la duka, akimwonyesha muuzaji kwa kidole: nishushie ile, fungua hii. Bidhaa haitoki rafuni. Ndivyo ilivyo hapa. Programu na faili hubaki katika kompyuta kuu ya mwajiri. Kinachokufikia ni picha ya kioo chake, na kinachorudi kule ni herufi unazobonyeza. Ipo programu iitwayo Guacamole, ya shirika la Apache, ambayo hufanya kazi hiyo na hutolewa bure. Katikati huwekwa lango linalouliza wewe ni nani kabla ya kukufungulia. Lango hilo ni muhimu mno, kwani kampuni zilizoacha kompyuta zao wazi moja kwa moja kwenye intaneti zimevamiwa na wezi wanaofunga faili zote na kudai fidia.

Laptopu yako ikiibwa kwenye matatu, basi, faili za ofisi hazijaenda nayo. Hapo mwajiri hufurahi. Lakini lango, hata liwe imara vipi, humfungulia yeyote aliye na neno lako la siri. Na neno hilo siku hizi linakaa wapi? Kwenye simu ambayo mtoto anachezea michezo. Kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani kando ya kalenda. Au limetumwa kwa mwenzako wa kazini kwa WhatsApp, "nisaidie kumalizia ile ripoti, mimi niko kwa mazishi." Twafanya hivyo kwa utu, wala hatuoni ubaya.

Sheria inauona. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 inasema anayetoa neno la siri kwa makusudi bila idhini anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh5 milioni, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Mwaka wa 2015, katika kashfa ya Sh791 milioni ya Huduma ya Vijana kwa Taifa (NYS), afisa mmoja mkuu alisema neno lake la siri lilitumiwa na wengine kuingia katika mfumo wa fedha wa serikali. Mama au baba aliyeaminiwa na ofisi hataki kujikuta akijieleza namna hiyo mbele ya wapelelezi.

Mume wako asijue? Ndiyo, hata yeye. Hilo halihusu mapenzi. Jina litakaloandikwa katika kumbukumbu za mfumo ni lako wewe.

Ukilazimika kutumia saiba mjini, kivinjari kikikuuliza kama kikuhifadhie neno la siri, kikatalie. Ukimaliza, bonyeza mahali pa kutoka. Kufunga dirisha pekee hakutoshi, kwani anayekalia kiti hicho baada yako huenda akaikuta ofisi yenu ingali wazi. Mwombe mwajiri aweke pia ile namba ya pili inayotumwa kwa simu, ili neno lililoibwa lisitoshe peke yake. Mpakani humu kuna kero yake: simu hurukia mtandao wa Tanzania, na ujumbe ukachelewa ilhali namba hiyo hudumu muda mfupi tu. Ipo programu ya simu inayotoa namba hizo bila kungoja ujumbe, ulizia hiyo.

Na umeme? Usiku wa Agosti 25, 2023 ulipotea karibu nchi nzima, na kwa saa nyingi hakuna kivinjari kilichomsaidia asiye na chaji.

Simu ikipotea, usingoje Jumatatu. Mpigie mtu wa kompyuta ofisini usiku huohuo afunge akaunti yako. Namba yake iandike kwenye daftari la nyumbani, maana ile uliyoihifadhi imepotea pamoja na simu.