Tezi Mbili Zitunzazo Chumvi ya Mwili

Siku hizi chumvi ni kitu cha bei ndogo, na mtu anunuapo pakiti moja dukani hadhani kuwa amepata mali. Lakini zamani watu walitembea siku nyingi kuifuata. Chumvi ya Ziwa Katwe, magharibi ya Uganda, ilichukuliwa mbali kabla ya kuwako barabara za magari, na ya Uvinza, Tanzania, kadhalika. Hata wanyama waijua thamani yake. Katika mlima Elgon, upande wa Kenya, liko pango liitwalo Kitum. Tembo huingia humo gizani, huvunja mwamba kwa pembe zao na kuutafuna, kwa ajili ya chumvi iliyomo.

Basi yafaa tuulize: Kwa nini mwili huitaka chumvi hivyo? Tena, ukiisha kuipata, huitunzaje?

Jibu la swali la kwanza ni fupi: maji hufuata chumvi. Zaidi ya nusu ya uzito wa mtu ni maji. Katika maji yaliyo nje ya seli, pamoja na yale ya damu, chumvi iliyo nyingi ni ya sodiamu, ndiyo hii tutiayo katika mboga. Chumvi hiyo ndiyo iyashikayo maji mahali pake. Ikipotea, maji nayo hutoka; damu hupungua katika mishipa, shinikizo lake hushuka, na mtu huona kizunguzungu asimamapo. Kwa sababu hiyo mgonjwa wa kuharisha hapewi maji matupu, bali maji yenye chumvi na sukari kwa kipimo.

Sasa tuje kwenye swali la pili. Kazi ya kuitunza chumvi ni ya figo. Kila siku figo za mtu mzima huchuja maji ya damu kiasi cha lita 180, na ndani yake mna chumvi kiasi cha kilo moja na nusu. Mtu hana chumvi nyingi kama hiyo mwilini mwake. Ni ile ile ipitayo mara nyingi kwa siku moja. Karibu yote hurudishwa katika damu na mirija midogo ya figo kabla mkojo haujatoka.

Lakini sehemu 2 au 3 katika kila 100 hungojea amri. Wanafunzi wa hesabu na wapige: sehemu 2 katika 100 za gramu 1500 ni gramu 30. Watu wengi hawali chumvi zaidi ya gramu 10 kwa siku. Kama gramu hizo 30 zingepotea zote kila siku, hakuna chakula ambacho kingezirudisha.

Amri hiyo hutoka katika tezi mbili ndogo, ziitwazo tezi adrenali, zilizokaa juu ya figo kama kofia. Kila moja ina uzito wa gramu 4 au 5 tu. Ganda lake la nje hutengeneza homoni iitwayo aldosteroni. Homoni ni kama ujumbe: hutoka katika tezi, huchukuliwa na damu, na hufanya kazi yake mahali pengine. Kwa siku nzima mwili hutengeneza kiasi cha sehemu moja ya kumi ya miligramu ya aldosteroni. Gramu moja ingemtosha mtu kwa miaka 20 na zaidi.

Je, tezi hujuaje kuwa chumvi imepungua? Figo zenyewe ndizo hupeleka habari. Shinikizo la damu likishuka, au chumvi ikipungua, figo hutoa kitu kiitwacho renini. Renini hukata protini moja iliyotengenezwa na ini. Kipande kilichokatwa hubadilishwa tena, hasa katika mishipa ya mapafu, kikawa angiotensini. Hii huibana mishipa ya damu, tena huziamuru tezi adrenali zitoe aldosteroni. Aldosteroni hufika katika mwisho wa mirija ya figo, huingia ndani ya seli, na kuzifanya zijenge milango mingi zaidi ya kupitishia sodiamu. Sodiamu hurudi katika damu na maji huifuata. Wakati huo huo potasiamu hutolewa katika mkojo. Shinikizo likiisha kurudi mahali pake, figo hupunguza renini, na amri hupungua nayo. (Iko homoni nyingine, itokayo ubongoni, inayoamuru maji peke yake, lakini hiyo ina habari zake.)

Aldosteroni haifanyi kazi katika figo tu. Mtu wa nchi ya baridi, kama Kabale, akienda kufanya kazi ya jasho katika joto la Mombasa, siku za kwanza jasho lake huwa na chumvi nyingi. Baada ya wiki moja au mbili jasho ni jingi vile vile, lakini chumvi yake imepungua sana, kwa kuwa aldosteroni imekwisha kuziamuru tezi za jasho nazo ziibakize.

Tuone sasa yampatayo mtu tezi hizo ziharibikapo. Mwaka 1855 tabibu mmoja wa hospitali ya Guy's, London, jina lake Thomas Addison, aliandika habari za wagonjwa waliolegea kidogo kidogo, wakakosa hamu ya chakula, wakakonda, na ngozi yao ikageuka kuwa nyeusi zaidi. Walipokufa, tezi zao adrenali zilionekana zimeharibika. Mara nyingi ilikuwa kwa kifua kikuu, na hata leo kifua kikuu chaweza kuziharibu. Kwa miaka mingi ugonjwa huo haukuwa na dawa. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, Robert Loeb wa New York alionyesha kwamba damu ya wagonjwa hao imepungukiwa na sodiamu, na kwamba kupewa chumvi huwasaidia. Mwaka 1953 Sylvia Simpson na James Tait wa London, pamoja na Tadeus Reichstein na wenzake wa Basel, Uswisi, walipata aldosteroni safi kutoka tezi za ng'ombe.

Homoni hiyo ikizidi pia ni hatari. Jerome Conn wa Michigan, Marekani, alieleza mwaka 1955 habari za mwanamke wa miaka 34 aliyekuwa na shinikizo kubwa la damu na udhaifu wa misuli. Tezi yake moja ilikuwa na uvimbe uliotoa aldosteroni kupita kiasi. Ulipoondolewa, alipona. Kwa hiyo msomaji asidhani kuwa kula chumvi nyingi ni afya. Shirika la Afya Duniani lawashauri watu wazima wale chini ya gramu 5 kwa siku.

Siku hizi mwenye ugonjwa wa Addison hupewa vidonge vinavyofanya kazi ya homoni zilizokosekana, naye huweza kuishi na kufanya kazi kama wengine. John F. Kennedy aliambiwa mwaka 1947 kuwa ana ugonjwa huo. Mwaka 1961 akawa Rais wa Marekani. Lakini vidonge hivyo haviachwi hata siku moja, na mgonjwa akipata homa kali au akitapika, hana budi kupelekwa hospitali upesi, maana aweza kufa kwa muda wa saa chache.

Jambo hili latuhusu sisi tuishio mabwenini. Mvulana akilegea siku zote, akakonda, akaona kizunguzungu kila ainukapo, akatamani chumvi hata kuilamba mkononi, na ngozi yake ikazidi weusi katika mikunjo ya viganja na katika ufizi, wako watakaomwita mvivu, na wako watakaosema amerogwa. Yaweza kuwa ni maradhi mengine, nayo ni mengi. Lakini yaweza kuwa ni tezi mbili ndogo zimeshindwa kazi yao. Kiranja asimwandike katika daftari la adhabu. Na ampeleke kwa mganga wa shule, apimwe damu.